Udongo wa Mita Nne

Hiace nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa. Chiriku akailaza pikipiki, Yamaha ikanguruma, akaifuata.

Ndani ya gari lile kulikuwa na boksi la barafu. Ndani ya boksi, chupa za udongo kutoka kiwanja cha kiwanda cha betri kilichokufa zamani, pale ukingoni mwa mto.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeuchimba udongo ule asubuhi, ndani ya ovaroli ya fundi, na hakuna kibarua aliyejua kwamba fundi huyo ni jasusi. Mtambo ulitoboa sakafu ya zege ukashuka mita nne. Kilichopanda kilikuwa tope jeusi lililonuka asidi mpaka machozi yakamtoka. Risasi tupu. Si ya bunduki, ile ya betri, inayoingia kwa mtoto polepole na kumharibu akili.

Sauti ya mkuu wake ikakwaruza sikioni.

"Chiriku, Shangazi hapa. Uko wapi?"

"Nyuma yao."

"Maabara ikisema udongo ni safi, wizara inasaini leo. Wajenzi wa kigeni wanajenga nyumba juu ya sumu. Usiwapoteze."

"Sawa."

Chiriku ni ndege wa maneno mengi. Walimpa jina hilo kwa utani, maana mwanamke huyu angeweza kumaliza wiki bila kumsemesha mtu, na mara nyingi hakuwa na wa kumsemesha.

Kizuizi cha reli kikashuka. Hiace ikapenya. Treni ya mizigo ikaingia kati, behewa baada ya behewa.

Akapiga usukani ngumi.

Simu yake ya mambo ya nyumbani ikatetemeka. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa dada yake, aliyeamini kwamba mdogo wake anauza pampu za maji.

"Mdogo wangu, tumepata! Nyumba kule mtoni, ya chini kabisa. Mwanangu atacheza na udongo mpaka achoke mwenyewe. Na chumba cha nyuma ni chako, usinibishie. Umetangatanga vya kutosha. Njoo ukae na watu."

Akausikiliza tena. Hakuna aliyewahi kumwekea chumba. Roho ilimuuma, lakini kiapo ni kiapo: hata wa tumbo moja haambiwi.

Treni ilipokwisha, barabara ilikuwa tupu.

Aliikuta Hiace maabara, imeegeshwa kistaarabu kama gari la harusi. Ndani, boksi lilikuwa juu ya meza ya mpimaji. Lakiri zote nzima. Kando yake alisimama mwakilishi wa wajenzi, waliyempachika jina Glovu, kwa sababu hakuwahi kufika kiwanjani bila glovu nene za mpira, huku akiapa kwamba udongo wake ni safi. Hata sasa alikuwa nazo.

"Fundi!" Glovu akacheka. "Mbona jasho? Umekuja kuuaga udongo wako?"

Sikioni: "Lakiri zikoje?"

"Nzima."

"Basi hatuna kitu. Ondoka hapo."

Hakuondoka.

Alichukua chupa yenye alama ya mita nne, akakata lakiri, akaimimina kwenye sinia la chuma.

"We! Una wazimu?" mpimaji akang'aka.

Udongo ulikuwa mweusi. Waliuchagua vizuri. Haukunuka, lakini pua si shahidi. Chiriku akauchambua kwa kijiko, taratibu, mpaka kitu kikajinyonganyonga.

Nyungunyungu. Mnene, mzima wa afya.

"Mzee," akamwambia mpimaji, "huu umetoka chini ya zege, mita nne, ndani ya asidi. Hebu muulize bwana huyu, kiumbe hiki kilikuwa kinakula nini huko?"

Mpimaji akainama, akavua miwani. "Huu ni udongo wa bustani! Mmeubadilisha njiani!"

Njia ya mwongo fupi. Ya Glovu iliishia kwenye sinia.

Akachomoa Beretta. Kidole kinene cha mpira kikagoma kuingia kwenye kifyatulio. Akasukuma. Kikagoma tena.

Sinia likamshukia kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Alipoinua macho, Glock ya Chiriku ilikuwa inamtazama.

"Ungezivua tu," Chiriku akasema.

Kisha, kwa redio: "Shangazi, wamebadilisha udongo. Ninaye. Zuia saini."

"Imezuiwa. Polisi wanaingia. Potea."

Alikuwa ameketi juu ya Yamaha, akiutazama mto, dada yake alipopiga. Habari ilikuwa imeshafika redioni.

"Wamefuta mradi wote! Eti udongo mbovu. Walikuwa wapi siku zote?" Dada alikuwa analia. "Nilishachagua na mapazia ya chumba chako."

"Pole, dada."

"Pole tu? Aa, wewe. Leo hoteli hii, kesho ile. Utaujulia wapi uchungu wa kukosa nyumba?"

Chiriku akabandua tope kavu kwenye buti lake.

"Mapazia ya rangi gani?"

Dada akavuta kamasi. "Kijani. Si ndiyo unayoipenda?"

"Ndiyo, dada."

Akavaa kofia, akashusha kioo chake, akawasha pikipiki. Aliondoka bila haraka, akielekea hotelini.