Kamera Kutoka Kalembe

Siku ya soko Nyabiondo, anayetaka kupita huomba njia kwa bega. Athanasie alikuwa amechuchumaa katikati ya vikapu vya muhogo na marundo ya maharage mekundu, simu ameishika kwa mikono miwili, anampiga picha mama mmoja muuzaji, pale sauti ya kiume ilipomwangukia kutoka juu.

"Dada, hiyo simu inapigaka picha na ya ng'ombe?"

Aligeuka. Kijana mrefu, koti la mvua limefunguka kifuani, buti za mpira zimejaa tope hadi magotini, kofia pana imeegemea sikio moja kana kwamba ndiyo yenye kumbeba yeye. Nyuma yake dume jeusi la ng'ombe lilikuwa likinusa muhogo wa watu.

"Inapiga kila mwenye kulipa," Athanasie alijibu, akasimama na kukung'uta kitenge chake cha manjano.

"Basi unipige na huyu. Lakini yeye akuwe mbele. Miye si wa kuuza."

"Nani amekuambia kuna mutu anakutafuta?"

Wamama wa maharage waliangua kicheko. Athanasie alipiga picha, akamwonyesha. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya kilima, na lile dume zuri lilikuwa limegeuka doa moja jeusi lenye miguu.

Kijana aliitazama picha, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Dada, hii ni ng'ombe ao ni shimo?"

Vicheko vilipaa tena. Athanasie alihisi mashavu yakiwaka. "Ni simu, si miye. Giza inaishinda."

"Nimeona." Kijana aliacha kucheka. "Ule mama wa maharage nimemuona mu simu yako mbele ya kukuuliza. Umemupiga kama mutu mukubwa. Macho uko nayo. Apareyi, kamera ya kweli, njo huna."

Aliitwa Semana, wa jamaa ya wafugaji wa Kibabi, na kila asubuhi alishusha maziwa kwa pikipiki. Aliomba namba ya simu ili, alivyosema mwenyewe, atumiwe shimo lake.

Athanasie alikuwa amerudi kutoka Goma na diploma ya mawasiliano, na watu walimwuliza kila Jumapili ameleta nini kingine. Alichokuwa nacho ni wazo lililomkaa kifuani tangu utoto. Mama yake, Mukantabana, aliwahi kuwa na picha moja tu ya harusi yake, na picha hiyo ilibaki ndani ya nyumba mwaka walipokimbia vita. Waliporudi walikuta nyumba imeungua, na picha nayo haikuwepo. Baadaye baba alifariki, na Athanasie alibaki na sura ya kusimuliwa: masikio hivi, paji la uso hivi. Nyumba ngapi za vilima hivi zilikuwa hivyo? Alitaka kuwapigia watu harusi zao, ubatizo wao, wazee wao, kisha kila picha aiweke mahali pawili, pasiwe na moto wa kuzifikia zote. Kwa hiyo alihitaji kamera ya kweli, ile ya kubadilishwa lenzi, na alikuwa na akiba aliyoipata kwa kufundisha watoto masomo ya jioni. Akiba isiyoruhusu kukosea.

Simu za Semana zilianza kuja kila jioni.

"Chérie, umeshakula?"

"Nimekula mega zote za simu. Nilikuwa naangalia video za kamera."

"Na umeshiba?"

"Nimefunguka akili. Batu banauza kamera na hesabu kubwa ya mapikseli, na wanunuzi banaanguka. Kumbe kitu ya maana ni lenzi. Mwili ya kamera inazeeka, lenzi nzuri inabakia na weye. Ukiwa na pesa kidogo, unanunua mwili ya zamani na lenzi inayoona mu giza."

"Kama kwetu. Ng'ombe ukiiendea, hauangalie pembe. Unainama, unaangalia kiwele. Kisha unauliza: ilishazaa mara ngapi?"

Athanasie alikaa wima. "Semana! Na kamera banauliza hivyo! Ilishapiga picha ngapi. Iko na hesabu ndani yake."

"Unaona? Tuko kazi moja."

"Kazi moja gani, na weye unanuka maziwa?"

"Hiyo harufu utaizoea tu, mupenzi."

Athanasie alisonya. Lakini hakukata simu pia.

Harusi ya rafiki yake Emérita ndiyo iliyoleta haraka. Emérita alitaka apigwe picha na Athanasie, si na mwingine. Shangazi yake akaweka sharti: kamera iwe kamera, siyo simu, la sivyo mpiga picha ataitwa kutoka Goma. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Dukani Masisi-centre kulikuwa na kamera mpya inayong'aa ndani ya sanduku, lakini ingekula akiba yote bila kubakiza hata batri ya pili, na lenzi yake ilikuwa ya mchana mweupe tu. Ndipo Semana akasikia habari ya Papa Ndagijimana wa Kalembe. Mzee huyo alikuwa amepiga harusi za upande ule miaka mingi, sasa magoti yamemkataa, amefungua duka la dawa, na kamera yake imelala.

Barabara ilikuwa wazi wiki ile. Walipanda pikipiki Jumatatu, Athanasie amejifunika shali, vilima vikiwapokea kimoja baada ya kingine, hadi Kalembe.

Ndagijimana aliitoa kamera ndani ya bati lenye mchele mkavu, alimoihifadhi isipatwe na unyevu. Mshiko wake ulikuwa umechakaa, rangi imekwanguka pembeni. Kulikuwa na lenzi mbili: moja ndefu, ya kuvuta mambo ya mbali, na nyingine ndogo kama kikombe cha chai, ya kuona gizani. Athanasie aliziinua zote kwenye dirisha, akatafuta ukungu ndani ya kioo. Hakukuwa na hata uzi mmoja. Aliuliza hesabu ya picha. Akabonyeza kila kitufe.

"Toka inje ukajaribu," mzee alisema.

Nje alimpiga kuku, akapiga anga ili aone kama kuna madoa, akampiga mtoto mlangoni. Mle mlangoni mlikuwa na giza, lakini macho ya mtoto yalitokea yote mawili, yameng'aa. Athanasie aliibana kamera kifuani. Alirudi haraka, na alipofika kwenye ukuta wa mbao akasikia sauti ya Semana.

"Papa, ile kitu imechoka. Imeshatoka ngozi. Na huyu dada, nikuambie kweli, hajue kupiga. Ni michezo ya basomi. Miezi mbili ataitupa chini ya kitanda. Punguza tu, tukuondolee mizigo."

Athanasie aliingia. Ndagijimana alinyosha mkono, akaichukua kamera yake taratibu, akairudisha kwenye mchele.

"Siuzi," alisema. "Hii imepiga vizazi vya hapa. Haiendi kulala chini ya kitanda ya mutu."

Semana alimfuata Athanasie hadi barabarani, kofia mkononi.

"Athanasie, ngoja! Ile ilikuwa maneno ya soko!"

"Ya soko? Na miye niko ya soko?"

"Hapana, nilikuwa natafuta—"

"Shimo yako nilikutumia. Basi tumemalizana."

Alipanda pikipiki ya mtu mwingine, akakaa ameelekeza uso mbele hadi Nyabiondo. Kilichomuuma zaidi haikuwa kamera. Ni kwamba mtu wa kwanza kumwambia ana macho ndiye aliyesema hajui kuona. Simu iliita jioni ile, ikaita tena kesho yake. Aliilaza kifudifudi.

Jumatano Emérita alimvuta waende sokoni, baba yake akanunue ng'ombe wa karamu. Pale kwenye kona ya mifugo, baba yake Emérita alikuwa amesimama kimya kando, huku rafiki wa huyo baba akipiga kelele.

"Hii ni ng'ombe? Hii ni mifupa banafunika na ngozi! Ona miguu! Itakufa mu njia! Mutupunguzie, tuizike vizuri!"

Lakini mkono wa yule mtu ulikuwa umeshika kamba. Aliisogelea, akaondoka, akarudi, akatukana tena, na kamba hakuiachia hata mara moja.

"Sasa mbona anaitukana hivyo?" Athanasie aliuliza.

Emérita alicheka hadi akashika ubavu. "Ninyi batu ba mihogo, ng'ombe hamuzijue! Papa anaipenda hiyo ng'ombe tangu asubuhi. Rafiki ya mununuzi njo anapashwa kuitukana, na anasema hata mununuzi mwenyewe haitaki. Ukisifu, bei inapanda. Nani anasifu kitu anataka kupeleka kwake?"

Athanasie alisimama palepale, watu wakimpita.

Alielewa. Na alipoelewa, hakupona. Maneno yaliyosemwa yalikuwa yamesemwa, na mzee wa Kalembe aliyaamini. Semana alikuwa amepeleka desturi ya ng'ombe mahali ambapo mtu anauza sehemu ya maisha yake. Hilo atalishughulikia baadaye. Kwanza kamera. Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki peke yake.

Ndagijimana alikuwa akipanga vidonge kwenye rafu.

"Papa, nimerudi," alisema. "Mbele yako sitadharau kitu. Kamera yako ni nzuri kuliko ile ya dukani. Ninaitaka. Pesa niko nazo ni hizi, hakuna zingine. Na kupiga ninajua."

Alimpa simu. Mzee alipitisha picha polepole kwa kidole gumba, akasimama kwenye ile ya mama wa maharage.

"Uliinama," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Wengi banapigaka bamama ba soko kutoka juu." Alirudisha simu. "Yule kijana wa Kibabi alikuya hapa juzi, mvua yote juu yake. Akanieleza mambo yao ya ng'ombe. Akasema nisikupunguzie hata kidogo, sababu hakuna mutu atapiga muzuri kuliko weye. Nilimufukuza. Nilimuambia, kama ni kweli, atakuya mwenyewe aseme."

Athanasie aliangalia sakafu. Tabasamu lilikuwa linamshinda.

Pesa zake zilitosha mwili wa kamera, batri mbili na lenzi moja. Ndagijimana aliziweka lenzi zote mbili mbele yake. Ile ndefu ilikuwa na heshima. Shangazi yake Emérita angeiona tu akanyamaza. Athanasie aliishika, akaipima uzito, akafikiria kanisa la Nyabiondo na madirisha yake madogo. Akaiweka chini.

"Hii ndogo haivutake," mzee alimwonya. "Ukitaka mutu akuwe karibu, hapana kuzungusha kitu."

"Nitamufuata. Miguu niko nayo."

Jumamosi kanisa lilijaa hadi ngazini, na mvua ikazima kile kimwanga kilichobaki. Shangazi yake Emérita, kilemba cha dhahabu kichwani, aliitazama ile lenzi fupi na kuguna. Athanasie hakugeuka. Alitembea. Alipita kando ya wanakwaya, akapiga goti mbele ya madhabahu, akarudi kinyumenyume hadi kisigino kikagusa benchi. Pete ilipoingia kidoleni, bwana harusi alilia bila kujificha, na Athanasie alikuwa pale, hatua mbili tu, akapiga. Baada ya misa shangazi aliomba kuona. Akaona ile moja. Akavua miwani, akaifuta, akaona tena.

"Hii munitengenezee kubwa," alisema. "Ya ukutani."

Semana alimkuta nyuma ya jikoni la karamu, kati ya masufuria. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyokuwa fupi mikononi, na viatu ambavyo matope yalikuwa bado hayajavipata.

"Nimeleta maziwa," alisema.

"Nimeona."

"Na nimeleta musamaha. Nilikosa, Athanasie. Nilifikiri nakusaidia. Ile siku, vile ulitoka inje na ile kamera, uso wako wote ulikuwa unasema unaitaka. Nikaogopa mzee ataona, apandishe bei. Nikatafuta maneno mabaya zaidi, na yenye ilikuya ni ile."

"Ungeniambia mbele ya kusema."

"Kwetu haiambiwake. Inajulikana."

"Kwetu haijulikane. Kwetu mutu akisema hujui, anamaanisha hujui."

"Sasa ninajua." Alimeza mate. "Nataka kutuma bazee kwenu. Unikatalie leo kama unanikatalia, suti nimeazima."

Athanasie alicheka kabla hajajizuia, kisha akakaza uso. "Bazee bako bakifika, batafanyaje? Si batatukana tena kila kitu, mali ya ndoa ipungue?"

Semana aliinamisha kichwa, akakubali.

"Basi weye ukuye kwanza, mbele yabo. Peke yako. Umuambie mama yangu kile unaona. Kile unaona kweli. Ukishamaliza, nitakujibu."

Alikuja siku iliyofuata, baada ya ibada. Mukantabana alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo, Athanasie amesimama mlangoni, mikono nyuma. Semana alivua kofia, akabaki wima kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mama, bazee bangu batakuya. Batasema binti yako ni mwembamba, hajue kushika jembe, anazunguka mu maharusi ya batu na kamera. Ni vile tunafanyaka, mali ishuke. Miye sitaki ishuke. Binti yako anafanya kazi kuliko batu bote ninajua. Ana macho, na ana roho ya kurudi mahali bamemufukuza. Nilisema ubaya juu yake, ilikuwa uongo, na nimerudia kwa yule mzee kumuambia ni uongo. Bazee bakipunguza, miye nitarudisha."

Mukantabana alipeta ungo, maganda yakaruka. Hakuwa na haraka.

"Mutoto, unajua uko naniambia niombe ng'ombe nyingi?"

"Ninajua, Mama."

"Na ni ng'ombe za baba yako."

"Ninajua."

"Basi soko umeshindwa."

"Kwa huyu, Mama, siwezi."

Mukantabana alimtazama tangu viatu hadi paji la uso, halafu akamgeukia binti yake, aliyekuwa ameuma mdomo ili asicheke, wala asilie.

"Athanasie, lete kiti. Huyu biashara hawakumufunza. Mengine bamemufunza."

Athanasie alileta viti viwili, akaketi kando ya Semana na kumwambia, "Utume bazee."