Kilichofungwa Uzi Mwekundu

Haya hayakunipata mimi, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Yalimpata jirani yangu, mwanamke tunayemwita Mwalimu kwa kazi yake, mtu ambaye ukimwambia habari za mizimu anakuuliza kama umekunywa maji ya kutosha leo. Aliponisimulia hakutania hata kidogo. Nami sitatia chumvi, iliyomo inatosha.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua zuri, nguo za watu zimeanikwa kila uzio. Mwalimu alimaliza kusahihisha madaftari, akafunga nyumba, akaenda kumtazama baba yake mitaa miwili mbele. Alikuwa akifanya hivyo kila Jumamosi tangu mama yake afariki, miezi mitano nyuma. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na Baba ndiye aliyebaki.

Sasa lazima niwaeleze kidogo kuhusu wazee wale na bustani yao. Mama alikuwa fundi cherehani. Magoti yalimwisha mapema, kwa hiyo kung'oa mmea hakuweza. Baba alikuwa fundi bomba mwenye mgongo wa chuma, lakini kwenye mimea alikuwa mbumbumbu wa kutupwa, kwake waridi na gugu yote ni majani. Basi waligawana kazi. Asubuhi Mama alikaa kwenye kigoda, akakisogeza tuta kwa tuta, na kopo la biskuti la nyuzi zake mapajani. Cha kung'olewa alikifunga uzi mwekundu. Cha kuachwa, hata kama kinaonekana cha ovyo, alikifunga uzi mweupe. Alitumia mkono wa kushoto, na fundo lake lilipinda upande ambao wengine hatuwezi kuupindisha. Jioni Baba alirudi, akang'oa kila chenye uzi mwekundu, akakilaza kando ya njia, mizizi juu. Hakuuliza swali.

Siku moja Mama alimtega, akafunga uzi mwekundu kwenye mguu wa kiti cha Baba mwenyewe, kile cha kupumzikia. Mzee alikibeba hadi jaani! Walicheka mpaka majirani wakachungulia.

Jumapili alasiri walitembea kutazama bustani za watu. Mama aliyaita matembezi hayo kuiba kwa macho. Walisimama zaidi kwenye uzio wa Nesi, muuguzi mstaafu wa nyumba ya tatu, na chochote kizuri walichokiona kwake, wiki iliyofuata kilikuwa kwa Mama, tena kimepangwa vizuri zaidi, ili Nesi aumie.

Mama alipolala kitandani kwa mara ya mwisho, Mwalimu alitaka kumfurahisha. Akakata tawi la mmea unaotambaa kwenye uzio wa shule, wenye maua ya zambarau, akaupanda chini ya dirisha la mgonjwa. Mama aliutazama kwa muda mrefu. "Asante, mwanangu," akasema. Kisha akamwomba Baba amshike mkono hadi nje, akaufunga uzi mweupe.

Mama akafa. Mmea ule ukameza bustani. Ulipanda juu ya mawaridi, ukakaba mnanaa, ukazungukia bomba la maji hadi likawa halifunguki. Baba alisimama pale na mikono yake mikubwa, hajui aanzie wapi.

"Hilo ni gugu," Nesi alimwambia Mwalimu juu ya uzio. "Na mama yako alilijua. Nilipokuja kumwona nikamwambia ling'olewe kesho yake. Akaniambia, hilo kaleta mwanangu, siwezi."

 Mwalimu alirudi kwake akalia jikoni, peke yake, sufuria ikiungua.

Sasa Jumamosi ile. Alifungua geti akakuta nusu ya bustani iko wazi. Udongo mtupu, umelainishwa. Kando ya njia kulikuwa na lundo la gugu, mizizi juu. Na Baba, ambaye kwa miezi mitano alikuwa hata ndevu hanyoi, amesimama katikati amelowa jasho, anapiga mluzi.

"Baba! Nani amekuonyesha cha kung'oa?"

"Mama yako."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayekwambia ni saa ngapi. Akainua shina moja. Lilikuwa na uzi mwekundu, na fundo lake limepinda kushoto.

Mwalimu hakubishana. Alijiambia mzee anazifunga nyuzi mwenyewe, upweke umemzidi, masikini. Lakini kopo la nyuzi halikuwa kwa Baba. Alilichukua yeye siku ya tatu baada ya maziko, akaliweka juu ya kabati chumbani kwake, na funguo anazo yeye tu. Alipofika nyumbani akapanda kwenye kiti, akalishusha. Kibiringo cha uzi mwekundu alikiacha kikiwa kipya. Sasa kilikuwa kimebaki nusu, na ncha ya uzi ilikuwa na udongo.

Wiki tatu zilipita vizuri. Nisiseme uongo, zilikuwa wiki nzuri. Baba alinyoa ndevu, akaanza tena matembezi ya Jumapili. Nesi alimwona akisimama kwenye uzio wake, akiinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza, akicheka. Gugu likaisha lote, isipokuwa shina la kwanza chini ya dirisha. Lile lenye uzi mweupe.

Kisha nyuzi nyekundu zikahamia kwenye vitu vizuri.

Ulianza mnanaa. Ukafuata mti mdogo wa limau. Halafu Mwalimu akakuta Baba amepiga magoti mbele ya waridi jeupe, lile ambalo Mama alilipenda kuliko yote, ameshika shina kwa mikono miwili. Miiba imemchoma. Damu inamtiririka.

"Baba, acha! Hilo ni la Mama!"

"Lina uzi mwekundu."

"Unaiua bustani yake!"

"Siiui." Alishusha sauti. "Anahama nayo. Kila anachokipenda anakichukua. Njoo kesho uangalie kama utakikuta hapa."

Alikuja kesho yake mapema. Kando ya njia hapakuwa na waridi. Hapakuwa na limau wala mnanaa. Kulikuwa na alama za mizizi tu kwenye vumbi, na hazikuelekea getini.

Mwalimu alitazama tuta baada ya tuta. Yote matupu. Ndipo alipojiuliza ni nini kingine Mama alikipenda katika nyumba ile, akakimbia.

Alimkuta Baba barazani, kwenye kile kiti chake. Amesinzia. Kifungo cha mkono wa shati kimefunguliwa. Kwenye kifundo cha mkono, uzi mwekundu.

Aliukata kwa mkasi wa jikoni. Aliharakisha hata akamkwaruza. Baba akafumbua macho, akatazama mkono wake mtupu, na uso ukamshuka kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Kesho yake ulikuwepo tena.

Mwalimu akaomba ruhusa kazini, akahamia kwa baba yake na kopo lote la nyuzi. Akakata uzi mweupe, akauzungusha mara tatu kwenye mkono wa mzee, akakaza. Kisha akaenda chini ya dirisha, akachuchumaa karibu na lile shina lake, akanong'ona.

"Mama, huyu niachie. Sina mwingine. Tafadhali."

 Kesho yake hapakuwa na uzi mwekundu. Wala kesho kutwa. Mwalimu akapumua. Akampikia uji, akamsomea gazeti, akamtania kuhusu kiti kilichobebwa hadi jaani. Baba alikula. Hakucheka. Alikaa akitazama udongo mtupu, na ndevu zikaanza kurudi.

"Haji tena," akasema siku ya sita. "Umemfukuza."

"Nataka ubaki, Baba. Ni dhambi?"

"Si dhambi." Akamshika kichwani. "Miaka arobaini na miwili sijabishana na mama yako kuhusu bustani hata siku moja. Wewe unataka nianze leo?"

"Ndiyo. Anza leo."

"Haya, mama," akasema kwa upole. "Haya. Nenda kaniwekee chai."

Mwalimu akaenda kuweka chai. Anasema hazikufika dakika kumi. Maji yalikuwa hayajachemka. Aliporudi barazani, kiti kilikuwa kitupu. Mkasi ulikuwa juu yake. Uzi mweupe umekatwa, umekunjwa vizuri, umewekwa kando ya mkasi. Alikuwa ameukata mwenyewe.

Baba alikuwa amelala kando ya njia. Pale pale. Amejinyoosha sawasawa, mikono kifuani. Viatu hakuvaa. Miguu yake ilikuwa imeegemezwa juu ya ukingo wa tuta, na nyayo zimejaa udongo mbichi, mweusi, wa chini kabisa, ambao haupatikani kwa kutembea. Alikuwa anatabasamu. Uzi mwekundu ulikuwa mkononi, na fundo limepinda kushoto.

Mwalimu alilia kilio ambacho hata sisi wa mtaa wa pili tulikisikia. Tulimzika mzee kando ya mke wake. Nesi anaapa kwamba siku ile makaburini alisikia harufu ya mnanaa, na hakuna aliyembishia.

Baada ya wiki mbili Mwalimu alirudi kufunga nyumba. Bustani ilikuwa uwanja. Kilichobaki ni gugu lake tu, chini ya dirisha, na uzi wake mweupe uliochakaa. Akakasirika. Ananiambia hajawahi kukasirika vile. Vyote vizuri vimechukuliwa, limeachwa lililoharibu! Akalishika shina kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote, kama alivyomwona baba yake akivuta kila jioni ya utoto wake. Halikutikisika. Alivuta mpaka akaanguka, akabaki hapo chini akilia, mpaka usingizi ukamchukua, jua la mchana likimpiga.

Alipoamka alikwenda bombani kunawa. Akakunja mkono wa gauni.

Uzi mweupe. Mpya. Fundo lilipinda kushoto. Na juu ya fundo, uzi ulikuwa umezungushwa mizunguko mingi, imebanana, imelala bega kwa bega, jinsi fundi bomba anavyozungusha uzi kwenye maungio ili maji yasivuje.

"Wamenifunga wote wawili," aliniambia. "Walikuja wote wawili, wakanitazama nimelala, wakakubaliana nibaki." Kisha akaangua kilio, huyu Mwalimu asiyeamini mizimu. "Jirani, nilikuwa nataka wanichukue."

Hajaukata mpaka leo. Anafulia nao, anapikia nao, anaandikia ubaoni nao, na ni mweupe vilevile kama umetoka dukani asubuhi. Juzi aliponipa kikombe cha chai niliugusa kwa kidole, kwa ujinga wangu.

Ulikuwa wa baridi, na kidole changu kilitoka na udongo mbichi.