Picha ya Kifua cha Hamdani

Rafiki yangu Nadra, mshonaji wa hapa Gisenyi, kichwa chake hakina nafasi ya kutunga uongo. Mumewe Hamdani alikuwa kitandani, pumzi inakwaruza, na daktari wa Kigali alishasema hampokei mgonjwa kabla ya kuletewa picha ya kifua kwa imeli. Nadra akatuma, akatuma tena. Hakuna kosa lililorudi, na daktari hakupata kitu.

Akamwita Jean-Luc, fundi wa kompyuta. Jean-Luc akakagua anwani, ni sawa. Akajitumia mwenyewe, ikafika.

“Bon, mama, mutandao iko muzuri. Pengine dokta hajui kufungua.”

“We! Bwana yangu anakufa, unanichekesha?”

Mvua ikaleta giza, umeme ukakatika. Wakazima sauti za simu zao zote ili mgonjwa asishtuke, Nadra akatuma tena kwa simu yake.

Ting! Sauti ya ujumbe kuingia.

“Iko wapi?” Jean-Luc akanong'ona.

Nadra akatuma tena. Ting! Kitandani. Wakapapasa mto, godoro, blanketi, simu hakuna. Nadra akaweka yake mezani, akalaza sikio kifuani kwa mumewe.

Ndani, chini ya mbavu, ting ikalia. Halafu nyingine, halafu nyingine, na hakuna aliyekuwa anatuma.