Kimekutwa na Nani

Shangazi alimpoteza Tai Nyekundu kwenye maegesho ya magari ya mahakama, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Alikuwa amemfuata tangu kituo cha treni. Mitaa saba, magoti yakiwaka moto. Kijana huyo, aliyepewa jina hilo kwa tai aliyoifunga shingoni, alitembea mbiombio, mkoba wa ngozi kwapani, bila kugeuka hata mara moja. Nani angehangaika na mama wa miaka hamsini na mbili mwenye kilemba na pochi? Ndiyo maana idara ya ujasusi ilikuwa haijamwacha apumzike.

Lori la maji lilipita katikati yao. Lilipoondoka, Tai hayupo.

Kisikizi alichokificha chini ya kilemba kikakoroma.

"Shangazi. Unamwona?" Alikuwa Mkuu wake.

"Simwoni."

"Kuna mtu amepigia simu kikosi cha dawa za kulevya. Anasema kuna heroini ndani ya gari la mkemia wa serikali. Kikosi kiko njiani. Una dakika nane."

Shangazi akafumba macho.

Mkemia alikuwa ghorofa ya pili, akisubiri kuitwa kutoa ushahidi. Ndiye aliyepima unga uliokutwa kwenye kontena la vigae, mzigo wa Mgeni, tajiri wa dawa aliyeishi ng'ambo. Mgeni mwenyewe alikuwa ameingia nchini kimyakimya kuizima kesi, na hakuna aliyejua amejificha wapi. Hakutuma mtu wa kumpiga risasi shahidi. Alituma pakiti, kwenye mkoba wa Tai.

Maana sheria haikuulizi kitu ni cha nani. Inauliza kimekutwa na nani. Ukikutwa nacho, ni chako, na ni juu yako kuthibitisha kwamba hukujua. Mkemia angetoka mahakamani na pingu, na maneno yake yasingekuwa na thamani tena.

Shangazi aliijua sheria hiyo kwa moyo. Miaka ishirini na sita alikuwa ameitumia kuwafunga watu.

Toyota nyeupe ya mkemia ilikuwa kando ya ukuta. Akatoa kwenye pochi kidude kidogo kama rimoti ya geti. Taa ya kijani ikawaka. Mlango ukafunguka.

Chini ya kiti cha dereva. Pakiti ya kahawia, nzito kama kitabu kinene.

"Nimeiona, Mkuu. Kama nusu kilo."

"Usiiguse! Sina kibali kilichosainiwa. Ukiishika, ni yako."

"Nikiiacha, ni ya mkemia."

"Basi waambie kikosi ukweli."

"Uliniambia mwenyewe kuna mtu wa Mgeni ndani ya kikosi. Nimwambie nani?"

Shangazi akaivuta pakiti kutoka chini ya kiti.

"Mkuu, Tai huwa hampigii simu Mgeni ila mambo yakimwendea kombo. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi washa mitambo yako ya kunasa simu. Lazima yuko karibu, anasubiri kuona sinema yake. Nitamwonyesha nyingine."

Akaitia pakiti kwenye pochi. Ving'ora vilikuwa vimefika getini. Alifikiria kukimbia, magoti yakamkumbusha kwamba hawezi. Akavua kisikizi, akakitupa kwenye mtaro, akaenda kusimama katikati ya maegesho, mahali ambapo kila dirisha lilimwona.

Mbwa wa kikosi hakujisumbua na Toyota. Alimjia yeye moja kwa moja, akakaa chini mbele yake kwa adabu.

"Mama, fungua pochi," alisema inspekta, kijana mwenye sura ya mtu aliyekosa usingizi.

Akafungua.

"Hii nini?"

"Unaiona, baba."

"Ya nani?"

"Imekutwa na mimi."

Pingu zilikuwa za baridi. Walipokuwa wanampandisha garini, alimwona Tai kwenye ngazi za duka la vitabu, ng'ambo ya barabara. Kinywa wazi. Simu ya Samsung tayari sikioni.

Ongea, mwanangu, alisema moyoni. Ongea sana.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na benchi moja la saruji, na msusi mmoja juu yake. Msusi akasogea kumpisha.

"Shikamoo, mama. Umekuja na nini?"

"Marahaba. Nusu kilo."

"Loo! Yako?"

"Si yangu."

Msusi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Na mimi hivyohivyo! Kete tatu. Nilivaa koti la shemeji, mvua ilikuwa inanyesha. Tangu jana niko hapa. Walizitumbukiza kwenye bahasha, wakaondoka nazo. Hata kusaini sijasaini."

Shangazi hakucheka. Aliegemeza kichwa ukutani. Ni wangapi walishamwambia habari za koti la shemeji, naye akawaitikia tu huku anaandika? Alijaribu kukumbuka sura zao. Hazikuja.

Saa tisa alasiri inspekta alifungua mlango. Mkononi alikuwa na karatasi yenye muhuri wa idara, kibali kilichosainiwa, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, samahani. Hatukujua. Mkuu wako yuko kwenye simu."

Shangazi akaipokea pale kaunta.

"Tai aliongea dakika nne," Mkuu alisema. Furaha ilimshinda kuificha. "Tumemkuta Mgeni hotelini, anafunga begi. Na mtu wake wa kikosi tumempata pia, ndiye aliyepokea ile simu ya asubuhi. Mkemia amemaliza ushahidi. Hana habari kama uliwahi kulifungua gari lake."

"Vizuri."

"Nakutumia gari. Kuna kazi kwenye mpaka, kesho—"

"Karatasi kama hii yangu, unaweza kumwandikia na msusi?"

"Msusi gani? Anahusika nini na sisi?"

"Hahusiki."

"Basi haiwezekani, Shangazi. Unajua."

Alijua. Akakata simu, akamgeukia inspekta.

"Zile kete za msusi. Mlizifunga mbele yake? Kuna shahidi aliyesaini?"

Inspekta akajikuna shingo. "Bado, mama. Ila alikutwa nazo."

"Hakimu atakuuliza zilikuwa wapi usiku kucha, na mkononi mwa nani. Utamjibu nini?"

Inspekta akatazama bahasha iliyokuwa wazi juu ya meza. Kisha akanyoosha mkono, akachukua funguo za mahabusu.

"Kwani wewe ni wakili, mama?"

"Hapana. Nimechoka tu."

Akarekebisha kilemba chake, akatoka nje. Gari la idara lilikuwa limeshafika, injini inanguruma, dereva amemfungulia mlango. Shangazi akalipita, akafuata njia ya miguu kuelekea nyumbani, polepole, kwa mwendo ambao magoti yake yalikubali.