Migomba Chini ya Nyaya

Lusungu alikuwa ametimiza miezi tisa mwezi mmoja uliopita. Asubuhi hiyo mama yake, Atupele, alimwogesha, akamfunga mgongoni, akatoka Msasani kwa miguu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu juzi. Walikwenda kliniki kwa chanjo ya surua.

Muuguzi Tusekile aliwapokea mlangoni.

"Mama Lusungu, chanjo zimeharibika. Jana umeme ulikatika kutwa nzima, jokofu likapata joto."

"Tena? Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo!"

"Nilisema, na inaniuma. Watoto kumi na wanane wamerudi bila chanjo."

Surua ilikuwa imekwisha kumwua mtoto wa jirani. Atupele hakurudi nyumbani. Alikwenda kwenye kituo cha kupoza umeme, akasimama langoni.

"Mmelala humo ndani? Wanetu wafe kwa uzembe wenu?"

Fundi Zuber alitoka. "Dada, usiguse uzio. Nigombeze, lakini ukiwa hapo hapo."

"Nakugombeza! Hiyo mitambo inayonguruma ina kazi gani?"

"Umeme hutoka mbali ukiwa na nguvu kubwa mno. Ukiingia nyumbani hivyo, utaunguza kila kitu. Mitambo hii huipunguza nguvu hiyo. Kisha tunaugawa umeme kwa njia mbalimbali. Njia ile inakwenda Bagamoyo. Hii inakwenda kwenu na kliniki. Kitu kikigusa waya, swichi hujikata yenyewe ili watu wasidhurike."

"Nani anagusa waya?"

Zuber alinyoosha kidole. Kando ya uzio, chini ya nyaya, ilisimama mistari miwili ya migomba. Upepo ulivuma. Jani refu lililolowa likainuka kuelekea kwenye waya.

Atupele aliitambua mara moja. Migomba ile aliipanda yeye na mumewe, Anyelwisye. Katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kamati ya mtaa ilikataza kuacha hata kipande cha ardhi kitupu.

"Niliiandikia kamati barua mbili, nikiomba ikatwe," alisema Zuber. "Nikajibiwa kwamba fundi anatetea wavivu."

Alasiri ile Atupele na mumewe walimfuata Andrea, mwenyekiti wa kamati. Zuber alikwenda nao.

"Ndugu Mwenyekiti, barua za fundi ziko wapi?"

"Kamati ina mambo mengi, mama. Na migomba si yenu?"

"Ni yetu, na naona aibu. Sisi hatukujua. Wewe ulijua, ukazikalia barua!"

Andrea aliinamisha kichwa. Anyelwisye akainua panga alilokuja nalo. "Naikata sasa hivi."

"Weka panga, kaka," alisema Zuber. "Mgomba ukiangukia waya wenye umeme, utakufa wewe. Kesho nitaizima njia hiyo kwanza. Ndipo tukate."

Kesho yake walikata migomba yote, wakapanda maharage, ambayo hayarefuki kufikia waya. Mvua za upepo zilikuja tena, lakini jokofu la kliniki halikuzima.

Chanjo mpya zilipofika, Lusungu alichomwa sindano. Alilia kwa nguvu, na mama yake akacheka. Tusekile alifungua daftari, naye hakucheka.

"Kati ya wale kumi na wanane, saba hawajaja. Wamechoka kurudishwa."

"Nipe majina yao," alisema Atupele.

Alikwenda nayo hadi ofisini kwa Andrea, akayaweka mezani.

"Vaa koti, Mwenyekiti. Nyumba saba. Mimi nitabisha hodi. Wewe utawaeleza kwa nini walirudishwa."