Dumu Lisilo na Kamba

Kila asubuhi, uji ukiwa bado motoni, Kadii aliteremka hadi dikoni, pale vyombo vya wavuvi wa Kau vilipofungwa, akaingia ndani ya mashua ya baba yake kuitikia vifaa. Huo ulikuwa utaratibu wa Omar, fundi wa injini kutoka Kipini, na Omar hakuwa mtu wa kubishana naye. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akitaja kitu kimoja baada ya kingine. Kadii, msichana wa miaka kumi na miwili, alikishika kwanza kila kilichotajwa, ndipo akajibu.

"Plagi ya akiba!"

"Mkononi!"

"Spana!"

"Mkononi!"

"Pini za propela!"

"Mkononi, Ami. Tatu."

Kujibu kwa macho kulikuwa marufuku. Siku ya kwanza Kadii alijibu "Ipo" huku ameketi ananing'iniza miguu majini, na Omar akamtoa chomboni kwa sikio. "Mimi sikuuliza kama ipo," alimwambia. "Nataka mkono wako juu yake. Huko katikati ya mto hakuna duka la kukimbilia."

Mashua yenyewe haikuwa ya kujivunia. Kitsao, baba yake Kadii, alikuwa mkulima, na mahindi yake yalikuwa yamefika kiunoni pale mvua za Elinino zilipoanza mwishoni mwa mwaka wa 1997. Mto Tana ulivunja kingo zake, ukala shamba lote, ukakata na barabara ya Garsen. Kitsao akajipatia mashua kuukuu ya mbao na injini ndogo, akataka kwenda kuvua siku iyo hiyo. Omar alikataa katakata. Kwa wiki nzima walitafuta vifaa, wengine wakiwacheka kwamba wanaipamba mashua kama bibi harusi. Wakapata makasia mawili, upondo wa kusukumia chombo, nanga, ndoo ya kufulia maji yanayoingia chomboni, kisu kilichofungiwa uzi kisipotee, na pamba ya kalafati ya kuzibia nyufa.

Kitu cha mwisho Omar alikitengeneza kwa mikono yake. Alichukua kamba mpya ya nailoni, ya buluu, yenye urefu wa pima kumi, akafunga dumu tupu kwenye ncha yake. Mtu akianguka majini, anatupiwa dumu, analikumbatia, kisha anavutwa. Omar aliiita kamba ya mtu. Haikuruhusiwa kufunga mzigo, wala chombo, wala mbuzi.

Hakuna aliyefikiria kusema kwamba haikuruhusiwa kurukiwa.

Ijumaa ile alasiri Josephine, rafiki yake Kadii, alikuja akilalamika kwamba shule imefungwa, mvua imenyamaza kidogo, na wasichana hawana hata kamba ya kuchezea. Kadii aliijua kamba moja nzuri kuliko zote za Kau. Alifungua fundo la dumu, akaliacha dumu ndani ya mashua, akaondoka na kamba. Walifunga ncha moja kwenye mlingoti wa goli la shule, mmoja akazungusha, wengine wakaruka mpaka jua likazama. Mama alipomwita kula, Kadii alikimbia. Kamba ikabaki pale pale mlingotini.

Aliikumbuka alfajiri. Mto ulikuwa umepanda usiku kucha na uwanja wa shule umegeuka ziwa, goli limesimama peke yake katikati. Omar naye alishafika dikoni, anamwita kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Kamba ya mtu!"

Kadii aliweka mkono juu ya dumu. Dumu lilikuwepo kweli, jeupe, limefungwa kizibo vizuri.

"Mkononi!" alijibu.

Alijiambia kwamba hakusema uongo, maana mkono wake ulikuwa umeshika kitu. Jioni maji yakipungua angeirudisha kamba, na mambo yangekwisha hivyo. Akashuka, na Kitsao na Omar wakaisukuma mashua kutoka ukingoni.

Hawakufika mbali. Mashua ilikuwa bado haijaliacha lile lililokuwa shamba la migomba, Kitsao amesimama mbele na upondo, Omar ndiyo kwanza anavuta kamba ya injini, mara maji yakatutumka chini yao. Kiboko aliinua mashua kwa mgongo wake. Mbao zikalia, chombo kikapinda upande mmoja, Kitsao akarushwa majini, upondo huku, yeye kule.

Watu waliokuwa ukingoni walipiga mayowe. Mama Kache, mama yake Kadii, aliangusha sufuria ya uji. Kiboko aligeuka, akafunua kinywa, akamkamata Kitsao paja na kumtikisa mara moja kisha akamwachia. Maji yakawa mekundu. Kadii aliona kichwa cha baba yake kikizama, kikaibuka, kikazama tena.

"Shika dumu!" Omar alipiga ukelele, akalirusha kwa nguvu zake zote.

Dumu liliruka, likaanguka mbele ya Kitsao kabisa. Kitsao akalikumbatia. Omar akainama kuvuta kamba, akapapasa huku na huku chini ya miguu yake, akatazama mikono yake mitupu. Mkondo ulimchukua Kitsao na dumu lake pamoja, ukawapeleka kwa kasi kuelekea baharini.

Aliyemwokoa Kitsao ni mkindu uliozama nusu. Mkondo ulimbwaga kwenye makuti yake yenye miiba, akang'ang'ania hapo huku ngozi ya mikono inachanika. Kijana mmoja mvuvi, Kadenge, alitoka na mtumbwi wake, Omar naye katika mashua akapiga kasia kama mwendawazimu, na wawili hao wakamnyakua kabla kiboko hajarudi. Walipomlaza ukingoni, paja lilikuwa limepasuka hata mfupa unaonekana. Mama Kache alivua kanga ya juu, akaifunga juu ya jeraha, akaikaza. Wanaume wanne wakambeba Kitsao kwenda zahanati, Mama Kache akifuatana nao mbio.

Omar hakufuata. Alibaki amesimama, kasia mkononi.

"Kamba iko wapi?" aliuliza. Kisha kwa sauti kubwa, "Kamba ya mtu iko wapi? Jana nani alipanda chombo hiki?"

Siku iliyopita walikuwa wamemvusha mtu mmoja tu. Huyo alikuwa Guyo, mfugaji wa Kiorma, mtu mzima mwenye ndevu chache, aliyeokoa ndama wake wawili kutoka mbugani kulikofurika. Sasa alikuwa pale pale ukingoni, amekuja kwa yale mayowe kama kila mtu.

"Wewe!" Omar alimwendea. "Mfugaji anatafuta nini siku zote kama si kamba? Umemfungia ndama kamba ya roho ya mtu!"

"Mimi kamba yenu hapana chukua," Guyo alisema. "Kamba ya ndama ni katani. Iko pale. Kuja ona."

Hakuna aliyekwenda kuona. Ndama walikuwa hatua ishirini tu kutoka hapo, wamefungwa kwa katani kuukuu yenye mafundo, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Hasira ikishapata mtu wa kumwangukia, haitaki kuoneshwa kitu.

Omar alimpiga kasia la bega. Hilo lilikuwa pigo la kwanza.

Kadii alifungua kinywa. Alijua neno la kusema, lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Lakini alimtazama Omar, macho yake yamewiva, akafikiria kasia lile likimgeukia yeye. Akafunga kinywa.

Pigo la pili Guyo alilikinga kwa mkono, na mkono ukalia kama ukuni mkavu. La tatu lilimwangukia mgongoni, akapiga magoti kwenye tope. Kadenge naye akaingilia, teke lake likampasua Guyo mdomo, akatema damu na jino. Hilo lilikuwa la nne. Guyo hakurudisha pigo. Alikuwa akisema maneno ya Kiorma kwa sauti ndogo, na kutoka nyuma mtu alipaza sauti, "Mtupeni mtoni, kiboko amalizie!" Omar akampiga la tano mbavuni.

"Ni mimi!" Kadii alipiga kelele. "Ami Omar, mwache! Ni mimi niliyeichukua!"

Kasia likabaki hewani.

"Mwondoeni huyu mtoto," Kadenge alisema. "Damu ya babake imemvuruga akili."

Kadii aliona hawamwamini, na kwamba watu wawili tayari wamemshika Guyo miguu. Akakimbia. Aliingia ndani ya uwanja wa shule uliofurika, maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Nyoka alipita mbele yake akiogelea, kichwa juu, na Kadii hakusimama. Alifika kwenye mlingoti, akafungua fundo kwa kucha na meno, akarudi anaburuta kamba ya buluu nyuma yake. Guyo alikuwa bado anang'ang'ania tope, wanamburutia mtoni; Kadii akaibwaga kamba miguuni pa Omar.

"Tulikuwa tunairukia," alisema, na sasa ndipo kilio kilipomtoka. "Nilishika dumu tu. Nilikujibu mkononi, na kamba haikuwepo."

Waliomshika Guyo wakamwachia, mmoja mmoja, kila mtu akitafuta pa kuweka macho. Omar aliketi topeni akafunika uso kwa viganja vyake.

Zahanatini, Florence muuguzi alimshona Kitsao nyuzi ishirini na sita. Alipomaliza alihamia kitanda cha pili, akanyoosha mkono wa Guyo uliovunjika na kuufunga baina ya vipande viwili vya mbao. Vitanda vilikuwa viwili tu, kwa hiyo Kitsao alisikia kila kitu kilichosemwa. Jioni Omar alipokuja, Kitsao alimwita karibu.

"Umeniokoa leo, Omar, na sitasahau," alisema. "Lakini nikuulize. Jana angepanda mtu wa Kipini, si ungemuuliza kwanza?"

Omar alikwenda akapiga magoti karibu na kitanda cha Guyo, akasema radhi mara tatu, na Kadenge aliyesimama mlangoni akaingia akapiga magoti pia. Guyo, mdomo umemvimba, aliitikia kwa kichwa tu.

Kitsao hakumpiga Kadii. Alimwambia maneno machache, na Kadii angeona heri kuchapwa. "Nilipolishika lile dumu, mwanangu, nilijua nimepona. Nilikuwa nangoja kuvutwa. Sasa usiniombe mimi radhi kwanza. Nenda kwa yule aliyeumia zaidi."

Siku ya tatu Kadii alikwenda. Guyo alikuwa amekaa nje ya banda alilopewa kwenye mwinuko karibu na shule, mkono umening'inia shingoni, ndama wakilamba udongo karibu yake.

"Naomba radhi, Mzee Guyo," Kadii alisema, macho chini.

Guyo aliuliza, "Siku ile napigwa mara ngapi?"

"Tano."

"Kumbe wewe nahesabu."

"Ndiyo."

"Ya kwanza ni ya Omar," Guyo alisema polepole, kwa kuwa mdomo ulimuuma. "Yeye hasira nashika, kweli hapana jua. Hiyo nasamehe yeye. Lakini ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, hapo iko mtu moja najua kweli na nanyamaza. Hiyo nne ni ya nani?"

Kadii alitamani kusema ni za Omar na Kadenge, kwani mikono ilikuwa yao. Lakini mikono ile ingesimama kwa neno lake moja, na neno alikuwa nalo tangu pigo la kwanza.

"Ni zangu," alisema.

"Ni zako," Guyo alikubali, bila ukali. "Kusahau kamba ni kosa ya mtoto. Ndama yangu pia nasahau njia ya nyumbani. Kusema uongo ni kosa kubwa, baba yako nakaribia kufa. Lakini kunyamaza wakati mtu napigwa sababu yako, hiyo ni kubwa kushinda zote. Ukweli ukichelewa, mtu naumia. Wewe sasa najua. Siku nyingine sema haraka, hata kama unaogopa."

"Nitasema," Kadii alijibu, na machozi yakamdondoka miguuni.

Guyo alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akaelekeza kidevu chake kwenye ndoo iliyokuwa karibu na ukuta.

"Mimi mkono moja sasa. Ndama nataka maji, asubuhi na jioni."

Kadii alichukua ndoo, akaenda kisimani, akawanywesha ndama wote wawili. Jioni alirudi, na kesho yake, na kila siku kwa wiki sita, mpaka Florence alipozifungua zile mbao na Guyo akaweza kuinua ndoo mwenyewe.