Amri Iliyotangulia Tukio

Wewe, umewahi kuona jeneza linachongwa na mwenyewe bado anapuliza chai yake?

Digrii aliliona asubuhi kweupe, kwenye skrini ya hospitali. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kejeli: msomi wa kompyuta, mwaka wa pili yuko "mazoezini", mkataba haujui. Kanuni aliiandika yeye: mashine ikinyamaza sekunde thelathini, mfumo uizime na kuiwasha upya wenyewe, bila kumngoja mtu. Alitaka kutaja mashine moja moja, za wodini aziache. Bosi akamkata kauli.

"Weka nyota, bwana! Nyota ni zote. Kwani chuoni mlisomea nini?"

Akaweka.

Sasa rekodi inasema printa ya mapokezi ilizimwa kwanza. Sekunde tatu baadaye ndipo iliponyamaza.

"Saa zimepishana tu," akajiambia. Lakini chumba cha kompyuta kilinuka nywele zinazoungua, na mama wa usafi alikuwa mlangoni na fagio lake, amegoma kuvuka kizingiti.

"Mwanangu," alinong'ona, "humo kuna mtu anahesabu."

"Feni hiyo, mama."

"Feni gani inaita watu majina? Imemtaja dada yako."

Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa juu, kitanda cha tisa, anapumua kwa mashine. Na mstari mpya ukajiandika: *Kitanda 9. Hakijibu. Zima.* Saa iliyoandikwa kwenye mstari huo ilikuwa dakika tatu mbele.

Digrii akajaribu kufuta nyota. Mfumo ukadai nywila ya bosi. Akapiga simu.

"Bosi, nakuomba, nywila. Dada yangu atakufa."

"Kijana, niko semina. Mtu wa mazoezi hapewi nywila. Policy ni policy. Tuma imeili."

Alipanda ngazi tatu tatu, na ndani ya kuta, kwenye nyaya, sauti ikapanda naye, taratibu, kwa adabu, kama mwalimu anayeita mahudhurio, ikihesabu kushuka, ishirini, kumi na tisa, hadi akausukuma mlango na kumkuta dada yake yuko macho kabisa, anampungia mkono, na mkono haujashuka mashine ikazima.

"Pampu ya mkono ya kumpulizia hewa iko wapi?" Digrii akafoka.

"Stoo," nesi alilia. "Imefungwa. Ufunguo anao bosi."

Kila mara nesi alipobonyeza kitufe cha kuiwasha mashine, kitu kilicheka ndani ya ukuta.

Baada ya dakika sita mashine ikajiwasha, nzima kabisa, ikaanza kumpulizia maiti hewa safi. Skrini ikaandika kwa kijani: *Tatizo limetatuliwa.*

Chini yake: *Kitanda 10.*

Haya, nyinyi wenye nywila, mlioko semina mnapigiana makofi! Ileteni. Si kesho, si kwa imeili. Kitanda cha kumi yuko macho, anatutazama, na zimebaki dakika mbili.